Namba Iliyofika Bila Safari

Kuna wakati, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa mtu mwenye akili kupita wote mjini Bunia. Nasema hivyo kwa sababu hakuna aliyenipinga, na hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyejua ninafanya nini, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilikuwa nimerudi na diploma ya chuo kikuu, nilivaa abakosti ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, hata kwenye jua la adhuhuri, na nilikuwa na ufunguo wa chumba chenye kompyuta. Ufunguo ule ungeweza kukaa mfukoni. Mimi niliuning'iniza kidoleni.

Kompyuta, au ordinatere kama tulivyoiita, ilikuwa mali ya mradi wa mifugo. Ilifika ndani ya sanduku la mbao, ikawekwa kwenye chumba kilichozibwa madirisha kwa sababu ya vumbi, na tukaifunika kitambaa cha kufumwa, kama vile akina mama walivyofunika redio. Iliamka jenereta ilipoamka. Jenereta ilipozimwa, nami nilirudi kuwa mtu wa kawaida, nikatoka nje na ufunguo wangu.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu dawa. Kusini mwetu kulikuwa na mbung'o, na mbung'o walileta ugonjwa unaomkausha ng'ombe taratibu mpaka ngozi inabaki imetundikwa juu ya mifupa. Sindano ilikuwepo, lakini ilikuwa na hasira: ikipungua, ugonjwa unarudi, ikizidi, ng'ombe anapiga magoti na haamki. Kipimo kilitegemea uzito, na mizani ya kupimia ng'ombe hatukuwa nayo. Basi tulipima mzunguko wa kifua na urefu wa mgongo, kisha kwa hesabu fulani tukakisia kilo, na kwa kilo tukapata dawa.

Programu tuliyotumia ilikuwa ya majedwali: safu na vijumba, kila kijumba na namba yake. Ilikuja na kanuni zake tayari, za kujumlisha na kutafuta wastani. Lakini iliruhusu pia mtu atunge kanuni yake mwenyewe, aiandike mstari kwa mstari kwenye ukurasa wa pembeni, aipe jina, kisha aite jina hilo kwenye jedwali kama anayemwita mtumishi. Ya kwangu niliiita DOZI. Unaandika DOZI, unaweka vipimo viwili ndani ya mabano, unabonyeza, na jibu linatokea. Hatua zote za katikati zilifanyika ndani, gizani, bila mtu kuziona. Mstari wa mwisho ulikuwa na amri moja, "rudisha", na kilichorudishwa ni jibu peke yake.

Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mpishi akiacha sufuria wazi, kila mpita njia ana maoni juu ya chumvi. Mimi nilikuwa nimeweka kifuniko.

Ndani ya DOZI nilikuwa nimeweka mambo mawili ambayo lazima niyaeleze, maana bila hayo hadithi hii haiendi. La kwanza ni kamba. Mwanzoni tulipima ng'ombe kwa kamba, kisha tukailaza kamba kwenye rula ya mbao tuliyoazima shuleni. Rula ilikuwa ya mita moja, kamba ya ng'ombe ilikuwa ndefu zaidi, kwa hiyo wachungaji waliikunja katikati na kupima nusu. Nusu hiyo ndiyo waliyoniletea, ya kifua na ya mgongo pia. Basi mstari wa kwanza wa kanuni yangu ulisema: kila kipimo, zidisha mara mbili. La pili ni dari. Mkuu wa mradi aliogopa siku moja nitabonyeza vibaya na kuua kundi la mtu, kwa hiyo mwishoni niliweka mstari unaosema: jibu likizidi mililita ishirini, andika ishirini. Ishirini ndiyo ilikuwa dawa ya fahali mkubwa kuliko wote tuliowahi kumwona. Kwa dari ile, nilimwambia mkuu, mashine haiwezi kamwe kutoa jibu la kijinga. Alinipongeza. Nilijipongeza pia.

Kisha ikaja tepu. Ilitoka ng'ambo, ya kitambaa kigumu chenye rangi ya njano, ndefu kutosha kumzunguka ng'ombe yeyote bila kukunjwa. Tuliitupa kamba siku hiyo hiyo.

Nyumba ya kwanza niliyoipeleka tepu ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Bogoro, na sikuichagua kwa sababu za kisayansi. Mwenye nyumba alikuwa shemasi wa kanisa na mfugaji, na binti yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini. Binti huyo nilikuwa nimemsindikiza mara kadhaa kutoka kanisani, nikimweleza kompyuta ni nini. Alikuwa amenisikiliza kwa subira ambayo niliichukulia kuwa mapenzi. Ng'ombe watatu wa baba yake walikuwa wanaugua, na mmojawapo alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe ambaye mama wa yule mzee alimwachia alipokufa. Wengine wote wa uzao ule walikuwa wameondoka kwa ugonjwa, wizi au mahari. Akifa huyu, basi.

"Ukiponesha ule mutamba," binti aliniambia, "baba atakuona muntu. Ukimuua, mi pia sitakujua."

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja, na nilikuwa nimeonywa. Mgeni hakuketi mara tu alipofika, wala hakusema kilichomleta. Alisimama kwanza aeleze njia: ametoka wapi, amepita wapi, amekuta nini, daraja likoje, mvua imenyesha upande gani. Akimaliza, mzee alisema, "Sasa ikala," na hapo ndipo kigoda kililetwa. Wenyewe hawakuona ajabu. Mtu asiyeweza kusema amepitia wapi, walisema, amepitia pabaya.

Siku ya vipimo nilisimama pale nikaeleza barabara kuanzia mzunguko wa Bunia, matope na lori lililokwama. Nilieleza kwa haraka, kama mtu anayesaini makaratasi. Mzee alinirudisha mara mbili. "Ile lori ilikuwa ya kupanda ao ya kushuka?" Sikukumbuka. Alinipa kigoda hivyo hivyo, chenye mguu mmoja mfupi, na nilikaa nikiyumba.

Tulipima ng'ombe kwa tepu, fahali, ng'ombe wa maziwa na yule mtamba. Mzee alitazama tepu ikimzunguka mtamba wake kama anayetazama fundi akimpima bibi harusi. Kesho yake jenereta ilipoamka niliita DOZI mara tatu. Fahali: ishirini. Ng'ombe wa maziwa: ishirini. Mtamba: ishirini.

Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi nilifurahi. Niliona ni dalili ya kundi lililolingana vizuri, nikafikiria hata kuandika makala fupi juu yake. Nikafunga sanduku la dawa kwenye pikipiki, nikarudi barabara ya Bogoro.

Nilieleza njia. Nikapewa kigoda. Kisha nikatoa matokeo.

"Dume, ishirini," nilisema. "Ya maziwa, ishirini. Mutamba, ishirini."

Mzee aliinua kichwa. "Mutamba yangu sawa na dume?"

"Sawa, baba."

Uso wake ulifunguka. Niligundua baadaye kwamba jirani yake, mfugaji wa upande wa pili wa kijito, alikuwa ametibiwa fahali siku za kamba, na fahali yule alipewa kumi na mbili tu. Mzee aligeuka akaitazama ng'ambo ya kijito kwa muda, akiwa ametulia kabisa.

"Nilijua iko muzito," alisema. "Bantu banaona mifupa tu. Mi najua." Kisha akaweka mikono magotini. "Bon. Na hiyo namba ilipitia wapi?"

"Baba?"

"Hiyo ishirini. Ilitoka kwa kamba yako ya njano, ikafika hapa. Katikati ilipitia wapi?"

"Inatoka mu ordinatere."

"Kule ndiko ililala. Nauliza njia."

Nilikuwa tayari nimeshaijaza sindano. Nilimweleza kwamba kuna kanuni, kwamba kanuni ina hatua, kwamba hatua zinafanyika ndani. Aliuliza ndani kuna nini. Nikasema hazionekani, ndiyo faida yake. Nyuma ya ukuta wa jikoni nilisikia mtu akicheka kwa pua, na nilimjua ni nani.

"Enjenieri," mzee alisema, na neno lile kinywani mwake lilikuwa na ukubwa wa punje ya ulezi, "mugeni akifika hapa kwangu, aniambie tu 'nimefika', nitamupa kiti?"

"Hapana, baba."

"Hiyo namba iko imesimama. Haijaikala. Enda nayo, irudie njia, ikuje inielezee."

Nikaimwaga dawa ya sindano ardhini, nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa na hasira ya msomi. Nilijiambia kwamba hivi ndivyo nchi inavyochelewa. Nilitunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilipofika Bunia ilikuwa na sehemu tatu.

Nilikusudia kuchapa hatua zote za DOZI kwenye karatasi, kwa ajili ya kumnyamazisha tu. Lakini kanuni ile haikuwa na mlango. Kilichotoka ni jibu la mwisho, na la mwisho peke yake. Nikakaa mbele ya kioo cha ordinatere nikigundua kwamba mimi niliyeitunga sikuwahi kuona ndani yake tangu siku ile ya kwanza. Hatimaye nikapata njia. Ile amri ya "rudisha", iliyokaa mstari wa mwisho, niliihamisha juu, chini ya hatua ya kwanza. Kanuni ingeishia hapo, kama basi linalosimamishwa kwenye kizuizi cha kwanza cha askari, na ingelazimika kunionyesha ilichobeba.

Niliita DOZI kwa vipimo vya mtamba. Kifua nilikuwa nimeandika sentimita mia moja thelathini na tano. Kanuni ikanirudishia mia mbili sabini.

Ningependa kusema kwamba nilielewa papo hapo. Nilifikiri: kumbe ana kifua kizuri. Kisha nikafikiri jenereta inatoa umeme mbaya. Nikainua kitambaa cha kufumwa, nikapuliza vumbi. Nikazima, nikawasha. Mia mbili sabini. Nilishuku Wamarekani walioitunga programu, nikashuku joto, nikamshuku mchungaji aliyeshika ncha ya tepu. Watuhumiwa walikuwa wengi na nilianza na walio mbali.

Nikaishusha "rudisha" mpaka chini ya hatua ya pili, ya uzito. Kilo elfu moja mia nne na themanini.

Mtamba yule nilikuwa nimemsukuma kwa kiuno changu siku moja kabla ili asimame vizuri, akasogea. Sikumbuki kusukuma tani moja na nusu. Pale Ituri kuna kiumbe mmoja tu niliyemjua mwenye uzito ule, naye anaishi kule chini ziwani, anatoka majini jioni kula majani na hahitaji sindano ya mtu.

Nikashuka tena hatua moja. Dawa inayofaa: sabini na nne. Nikashuka ya mwisho, nikafika kwenye dari yangu. Ishirini. Pale ndipo kila kitu kilipooshwa uso. Kiboko aliingia kwenye kanuni yangu, akagonga kichwa darini, akatoka amevaa kama ng'ombe wa heshima. Na fahali vilevile, na ng'ombe wa maziwa vilevile. Dari ambayo ingezuia ujinga ndiyo iliyokuwa imeuficha.

Kamba ilikuwa imetupwa lakini kukunja kwake kulikuwa kumebaki ndani ya kanuni. Nikafuta "mara mbili". Mtamba akawa na kilo mia moja themanini na tano, na dawa yake ikawa tisa. Nilitazama mikono yangu. Mchana ule ilikuwa imeshika sindano yenye ishirini. Hotuba yangu yenye sehemu tatu sikujua ilikokwenda.

Nikadhani sasa kazi imekwisha. Niliandika hatua zote kwenye karatasi kwa mwandiko mkubwa, nikaenda tena Bogoro, nikasimama, nikaeleza barabara vizuri safari hii, hata lori (lilikuwa la kupanda), nikaketi na kuanza kueleza njia ya namba.

"Kifua, mia moja thelathini na tano. Mugongo, mia moja na kumi. Kilo, mia moja themanini na tano. Dawa, tisa."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Kilo ngapi?"

"Mia moja themanini na tano, baba."

"Jana ilikuwa sawa na dume. Leo iko mbuzi?"

Hapo nikaelewa kwamba nimefungua sufuria mbele ya mwenye chakula. Jana hakujua kilo, alijua ishirini tu, na ishirini ilikuwa sifa. Kwa kuwa alitaka njia, nilikuwa nimemwonyesha njia, na njiani alikuwa amekutana na uzito wa ng'ombe wake.

"Ule wa ng'ambo alipata kumi na mbili," alisema. "Dume ile imekonda, kila mutu anajua. Na weye unakuja hapa kuniambia yangu ni tisa? Dawa kidogo ni dawa ya masikini. Weka ishirini."

"Baba, ishirini itamuua."

"Jana haikumuua."

"Jana sikumuchoma."

"Kwa sababu nilikuzuia. Leo sikuzuii."

Watu wawili wa nyumba walikuwa wameshamshika mtamba kwa pembe na mkia. Ilikuwa juu yangu. Nikisema hapana, nilikuwa nimemtukana mzee mbele ya zizi lake na binti nimempoteza. Nikisema ndiyo, mtamba angelala pale kwenye majani, na binti nimempoteza vilevile, pamoja na heshima ya bibi aliyekufa. Elimu yangu yote haikuwa na sura juu ya jambo hili. Ndipo nikaona kwamba njia niliyoeleza haikuwa njia kamili. Nilikuwa nimeeleza ile iliyosafishwa. Nilikuwa nimeruka mahali nilipoanguka.

Nikasimama tena kutoka kwenye kigoda.

"Baba, sijasema njia yote. Namba ya jana na yo ilikuwa na njia."

Nikaeleza kamba na rula. Nikachukua tepu, nikaikunja katikati mbele yake, nikamwonyesha jinsi wachungaji walivyonipa nusu na mimi nikairudisha kuwa nzima, na jinsi nilivyoendelea kufanya hivyo tepu ilipokuja, kwa sababu nilikuwa nimeshafunika na kusahau. Kisha nikaenda kwa mtamba, nikaikunjua tepu, nikaonyesha kifua cha jana kama kanuni yangu ilivyokiona. Ncha moja niliishika begani mwake, nyingine ilifika karibu na mlango wa zizi.

"Hicho ndicho kifua, baba. Ishirini ni ya hiki. Ordinatere yangu ilisema mutamba wako iko na kilo elfu moja na mia ine na themanini. Ilisema ni kiboko."

Mwenye kushika mkia aliangalia mkia.

"Kiboko," mzee alisema.

"Wa ziwa, baba."

"Na weye ulifika hapa jana, na sindano, kuchoma kiboko."

"Ndiyo, baba."

Nyuma ya ukuta wa jikoni hakukuwa tena na kucheka kwa pua. Kulikuwa na kucheka kwa mdomo wote, na sauti ya kifuniko kuanguka. Mzee alijaribu kubaki shemasi. Alitazama juu, akatazama ng'ambo ya kijito, mabega yakaanza kumsaliti.

"Kiboko," alirudia, akijifuta macho, "hata ule wa ng'ambo hana kiboko." Kisha, kwa sauti nyingine: "Weka tisa."

Nikaweka tisa. Fahali alipata kumi na saba, na mzee aliniomba kwa upole nisizitaje kwa sauti kubwa kilo zake, nikamnong'oneza. Mtamba alisimama ameinamisha kichwa mchana wote, na mimi nilikaa pale nikimtazama, nikikataa chakula, maana kama angeanguka nilitaka angalau niwe sijala cha mzee. Jioni alijikokota hadi kwenye chumvi, akailamba. Binti alikuja akasimama karibu na ua.

"Ungemuonyesha tu namba ya mwisho," aliniambia. "Ungekuwa umeenda nyumbani asubuhi."

"Ile ndiyo nilifanya jana."

"Ndiyo maana nasema. Leo umebakia," akajibu, akaniachia sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaondoka bila kunitazama, jambo ambalo kwa kipimo cha nyumba ile lilikuwa tamko kubwa.

Nilirudi ofisini nikavunja DOZI. Kila hatua niliipa kijumba chake kwenye jedwali, wazi: kifua, mgongo, kilo, dawa kabla ya dari, dawa baada ya dari. Mkuu wa mradi alilalamika kwamba jedwali limekuwa pana kama shamba la muhogo na karatasi ya kuchapia itaisha. Ni kweli, iliisha.

Mvua zilipita, na siku ikafika ambayo baba yangu mdogo, msemaji wa ukoo wetu, alisimama mbele ya mzee yule pamoja na wajomba wa pande zote mbili. Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno machache na aliyajivunia. Alieleza barabara, kisha akasema tumekuja kuomba binti.

"Bon," mzee alisema. "Na huyu kijana, alipitia wapi mupaka akafika kwa binti yangu?"

Baba mdogo alitaja kuzaliwa kwangu, shule, chuo kikuu, diploma, kompyuta. Alitaja kompyuta mara mbili. Mzee alitikisa kichwa.

"Umeruka. Kuna fasi moja hapo katikati."

Wajomba walinigeukia. Baba mdogo alinigeukia, na uso wake ulisema kwamba tutazungumza tukifika nyumbani. Mtamba mwekundu alikuwa amefungwa kando ya ua, ana mimba, akitafuna, na watoto wa pale walikuwa hawamwiti tena jina lake la zamani, walimwita Kiboko. Nikasimama katika abakosti yangu ya kijivu, nikaeleza kuanzia kwenye kamba. Wanawake walianza kucheka kabla sijafika kwenye dari. Wajomba walijizuia mpaka kwenye kiboko, wakashindwa.

Nilipomaliza, mzee alikisogeza mbele kile kigoda chenye mguu mfupi.

"Sasa ikala," alisema.

Nikakaa, nikiyumba.